Waya Ulioongezwa

Juzi panya waliingia kwenye gari la mjukuu wangu wakatafuna nyaya. Fundi alipofungua boneti, harufu ya mpira ulioungua na oili ya zamani ilinipanda puani, nikaketi pale pale kwenye ngazi za baraza. Mjukuu akadhani ni presha, akakimbilia maji. Presha gani? Nilikuwa nimerudishwa uani kwetu Njoro, mjini Moshi, mtoto wa miaka saba au minane, mkono umezama ndani ya injini ya baba hadi begani, na mama ananiambia nisiuachie waya.

Baba yangu alikuwa na gari. Mliokulia Moshi ya wakati wa Mwingereza mnajua uzito wa maneno hayo. Alilinunua kwa mzungu mmoja mkulima wa kahawa aliyekuwa anarudi kwao, likiwa limechoka, turubai la juu limetoboka, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Akalifufua mwenyewe. Alichukua watu sokoni na kuwapandisha mlimani, na ndizi zao, na kuku wao, na mbege, pombe yao ya ndizi, ndani ya vibuyu, iliyomwagikia viti hata gari lote likawa linanuka kilabu. Shangazi alisema ni aibu gari la Mwislamu kunuka hivyo. Baba alicheka tu. Alikuwa mtu wa kucheka, mwembamba, masikio yamesimama, na mimi niliyarithi hayo masikio nikataniwa nayo chuo cha Kurani mpaka nikachoka.

Safari zake nyingi zilikuwa za Old Moshi. Asubuhi kukiwa hakuna mawingu, ukisimama uani kwetu uliiona ile migomba ya huko imejaa juu kule, na moshi wa majiko unatoka katikati yake. Si mbali. Ningeweza kusema ni pua na mdomo, kama si ule mwinuko na zile kona zake. Wakati wa masika baba alikuwa akilala huko siku nyingine, kwa sababu ya utelezi. Mama hakuwahi kuuliza. Utelezi ulikuwa wa kweli, hata mimi nimeuona.

Mvua hizo hizo ndizo zilizomwua. Alirudi siku moja ameloa chapachapa, akakohoa, akalala, na hakuamka tena kitandani isipokuwa kwa kubebwa. Gari aliliacha uani, pua yake ikitazama jiko la mama. Kuhusu mazishi sikumbuki sana. Nakumbuka miguu ya watu, viatu vingi mlangoni, na mkono wa shangazi ukinisukuma chumba cha nyuma kila nilipochungulia.

Kisha mama akaingia eda. Nilielezwa kwamba mama hatatoka nje ya ua, hatajipamba wala kupaka mafuta ya kunukia, na hataonana na mwanamume asiye maharimu wake, mpaka muda wake utimie. Mtoto mwenye akili zake hupokea kila kitu. Siku ile ile niliyoambiwa hayo, mama alilifunika gari kwa shuka jeupe kwa sababu ya vumbi, na mimi nikahitimisha kwamba gari nalo limeingia eda. Halikuwa linatoka, halikuwa linanguruma, na wanaume waliokuja kuuliza habari zake walizuiwa mlangoni. Kila kitu kililingana. Nilikuwa nalipitia polepole, nisiliguse, nikiliona lina huzuni kama mama.

Na kweli halikuwaka. Mama alikuwa na mpango wake: atafute dereva, gari lirudi barabarani, sisi tule. La sivyo yeye angerudi kwa kaka yake Tanga na mimi ningechukuliwa na shangazi, kwao Same, na hilo shangazi alishaanza kulisema kama jambo lililokwisha. Basi akaitwa Fundi Gurdial, Kalasinga mwenye gereji yake karibu na stesheni, ambaye alilijua gari lile tangu siku ya mzungu. Alichukua betri akaenda kuichaji, akairudisha, gari likawaka vizuri. Kesho yake limekufa. Akachaji tena. Kesho yake limekufa tena.

Kwa ajili ya eda mama alikaa nyuma ya pazia la mlango wa jikoni, fundi akasimama uani na kilemba chake, na mimi nikawa katikati kupeleka maneno. Walikuwa wanasikiana waziwazi, lakini bado kila neno lilipita kwangu. Nilikuwa najiona mtu mkubwa kweli.

Fundi alisema kuna waya unanyonya betri. Umechubuka mahali unagusa bati, usiku kucha unakunywa umeme. Si waya wa kiwandani, kuna mtu ameuongeza. Mama akauliza unakwenda wapi. Fundi akajifuta mikono kwa tambara muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo, akasema hajui, nyaya za gari la zamani ni kama matumbo ya mbuzi. Akaniambia nimwambie mama kwamba ataukata pale pale kwenye betri, gari litaondoka leo, na biashara itaendelea.

Nikageuka kulipeleka neno hilo, lakini mama alikuwa ameshajibu.

"Mwambie asikate. Mume wangu hakuwa mtu wa kutia kitu bure. Nataka kujua unakwenda wapi."

"Mama Zena," fundi akasema, akimwita kwa jina langu, na safari hii hakuniangalia mimi, aliliangalia pazia. "Kuukata ni kazi ya dakika moja."

"Nimesikia. Asikate."

Fundi akainama kuokota vifaa vyake. Nilimwona ana haya, mtu mzima yule mwenye ndevu hadi kifuani, na nikafikiri ni kwa sababu ameshindwa kazi. Maskini fundi. Alikuwa ametuwekea mlango wa kutokea, mama akaufunga kwa mkono wake.

Kuanzia hapo mama alilichukua gari mwenyewe. Majirani waliochungulia juu ya ua walisimuliana mpaka Rau, kwamba mjane wa dereva yuko eda na ameingiza kichwa kwenye injini.  Mama alikuwa mshonaji, cherehani yake ndiyo iliyonivalisha mimi na nusu ya watoto wa mtaa, na alizikabili zile nyaya kama mshonaji anavyokabili vazi la mtu mwingine: alitafuta kwanza mahali pa kufumua. Nyaya zilikuwa zimelazwa pamoja kwenye bunda moja, limezungushiwa utepe wa kitambaa uliogeuka mweusi na mgumu kwa lami na joto. Aliukata utepe kwa wembe, kidogo kidogo, bila kugusa cha ndani. Zile za kiwandani zilikuwa na rangi, ingawa ilibidi kuzifuta kwa mafuta ya taa kuiona, kahawia, bluu, nyekundu yenye mstari. Ule ulioongezwa haukuwa na rangi yoyote. Ulikuwa mweusi mtupu.

Na ulikuwa umefungwa kwenye bunda kwa uzi. Mama aliponionyesha hilo aliuweka mwanga vizuri, akaugusa ule uzi kwa kucha. Ulikuwa uzi wa kaki, wa cherehani yake, kutoka kwenye droo yake mwenyewe. Vifundo vilikuwa vizuri, vimepangwa sawasawa. Baba alikuwa amekaa mahali fulani, na subira yake yote, akautumia uzi wa mkewe kuficha kitu ambacho mkewe hakukijua.

"Ona alivyojifunza kufunga," mama akasema, na akatabasamu. Mpaka siku hiyo alikuwa bado anatabasamu akimtaja.

Mkono wake haukuingia nyuma ya rejeta, wangu uliingia. Njia yetu ilikuwa hii: mimi naushika waya huku na kuuvuta kidogo, yeye anatazama kule ni upi unaotikisika. Kisha tunasogea mbele tunavuta tena. Tulifanya hivyo asubuhi baada ya chakula, siku kadha wa kadha, na nakiri zilikuwa siku nzuri. Mama alikuwa hasemi na mtu ndani ya nyumba, lakini pale kwenye gari alizungumza. Alinisimulia jinsi baba alivyomposa, jinsi alivyotia gari mtaroni siku ya harusi ya watu kwa kumwangalia yeye. Shangazi alikuwa akituangalia kutoka jikoni huku anachambua mchele. Alichambua mchele mwingi sana siku hizo.

Waya ulikuwa na ncha mbili. Moja ilipita kwenye tundu la ukuta wa injini, ikateremka chini ya zulia, ikaishia kwenye kitufe kidogo cha shaba kilichofichwa chini ya kiti cha dereva, mahali ambapo mkono hauwezi kukipata kwa bahati. Ncha nyingine ilikwenda mbele. Niliifuata kwa vidole nyuma ya rejeta, nikapita mahali palipotafunwa na panya, pamechubuka, na mwisho nikakutana na kitu cha mviringo, baridi, mdomo wake kama wa kikombe.

Nikamwambia mama ni honi. Akasema haiwezekani, honi ya gari ile pale kwenye madigadi. Nikasema hii ni nyingine.

Mama akazungushia kitambaa pale palipochubuka, akaunganisha betri ambayo fundi alikuwa ameiacha imechajiwa na kufunguliwa, akaenda upande wa dereva, akapiga magoti na eda yake chini kwenye vumbi, akaingiza mkono chini ya kiti.

Honi ya baba tuliyoijua ilikuwa na sauti mbaya, ya kukoroma, mtaa mzima uliitukana. Hii haikufanana nayo. Ilikuwa nyororo, ya juu, inaanza na kupanda kidogo mwishoni, kama mtu anayeita jina kwa upole. Haikuwahi kusikika Njoro hata siku moja. Mimi nilipiga makofi. Nilidhani baba alikuwa ametuandalia kitu kizuri, akafa kabla hajatuonyesha, nikarukaruka pale nikimwambia mama aibonyeze tena.

Mama hakubonyeza tena. Alibaki amepiga magoti, mkono bado chini ya kiti. Shangazi alikuwa amesimama na ungo wake, na mchele unamwagika upande mmoja bila yeye kujua.

"Wifi," mama akamwita, "hii ni ya nani?"

Shangazi akasema ukimchunguza sana bata huwezi kumla. Akasema maiti hasemwi, na kwamba mwenye eda akae ndani amwombee mumewe. Mama akamwacha amalize yote hayo, kisha akamwuliza tena, kwa sauti ile ile.

"Mimi ni dada yake," shangazi akasema. "Si shahidi wake." Akaingia ndani akafunga mlango wa jikoni, na usiku ule tulikula kila mtu na sahani yake.

Sikuelewa kitu. Niliona tu kwamba baada ya siku hiyo mama aliacha kumtaja baba. Shuka likarudishwa juu ya gari, na mimi nikarudi kulipitia polepole.

Eda ilipokwisha mama alioga, akavaa, akaenda kaburini, na baadaye akaajiri dereva, mtu mpole wa Kilema, kule mlimani, aitwaye Aloisi. Betri ilikuwa haifi tena kwa kile kitambaa alichozungushia mama. Aloisi alipouliza njia, mama alimwambia ya Old Moshi kama zamani, ila siku ya kwanza yeye mama atakwenda naye, bila abiria, ili aione barabara. Ilikuwa Jumapili. Mimi nilikaa katikati, mama upande wa mlango, baibui lake limekunjwa magotini.

Tulipanda. Kulikuwa na ukungu, migomba inadondosha maji, na maji ya mfereji yanakimbia pembeni mwa njia. Kwenye kila kona mama aliinama, akapitisha mkono mbele ya miguu yangu hadi chini ya kiti cha Aloisi, akabonyeza. Aloisi alishtuka mara ya kwanza, halafu akazoea. Kona ya kwanza hakuna aliyetoka. Iliyofuata, wanawake waliotoka kanisani walitupisha tu. Nilianza kuona mchezo umerudi, nikamwomba mama anipe zamu yangu, na hakunisikia.

Katika kona moja ya juu, penye daraja la magogo, mama akabonyeza, na mtoto akatoka kwenye migomba anakimbia.

Alikuwa mvulana mdogo, hajafika hata umri wa kupelekwa shule, peku, shati halina vifungo. Alikimbia akicheka, mikono juu, na alikuwa anaita, "Baba! Baba!" Kwa Kiswahili. Watoto wa kule walisema Kichagga mpaka wapelekwe shule, huyu alifundishwa na mtu neno hilo la mjini. Akafika mlango wa dereva akaparamia ubao wa kukanyagia, akamwona Aloisi. Hakulia. Akamtazama Aloisi, kisha akanyoosha shingo akatazama kiti cha nyuma, upande huu na upande ule, kama mtu aliyeficha kitu hapo na sasa hakioni. Masikio yake yalikuwa yamesimama.

Namwonea huruma leo. Siku ile nilimchukia hapo hapo. Nilimwambia kwa sauti kwamba huyo si baba yake, ni baba yangu, na amekufa. Mama alinifumba mdomo kwa kiganja, lakini maneno yalishatoka.

Kisha mama yake akaja. Msichana tu, kumbe, kanga nyeusi kichwani, tope mikononi. Alisimama mbali akaliangalia gari, akamwangalia mama, akaelewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Akasema, "Shikamoo, mama." Mama hakuitikia. Yule msichana akageuka akaingia kwenye kihamba chake, shamba lao la migomba, nikadhani amekimbia. Alirudi ameshika jani la sale, lile jani refu wanalopandia mipaka ya mashamba, amelifunga fundo. Akaja mpaka dirishani kwa mama, akapiga goti kwenye tope, akalinyoosha kwa mikono miwili bila kuinua uso.

Nani wa Moshi asiyejua sale? Hata sisi wa mjini tulijua. Mchagga akikuletea sale anaomba msamaha, na likishaletwa ugomvi umekwisha, hata kama ni wa damu. Aloisi alizima injini, akavua kofia yake. Mvua ilikuwa inaanza kudondoka kwenye turubai.

Mama akalitazama lile jani. Mikono yake haikutoka magotini.

"Mama," Aloisi akasema taratibu, "sale halikataliwi."

"Sijalikataa," mama akasema. "Yeye hajanikosea. Aliyenikosea nimemzika Njoro. Ampelekee yeye."

Kisha akamwambia Aloisi awashe gari. Tulipogeuza, yule mtoto alikuwa bado juu ya ubao wa kukanyagia, na ikabidi mama yake amng'oe vidole vyake mlangoni kimoja kimoja. Tuliteremka mpaka mjini bila honi yoyote. Mama hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na sababu sikuweza kuisema.

Kesho yake aliitwa Fundi Gurdial. Mara hii hakukuwa na pazia. Aliutoa waya wote, na kitufe, na honi, akaviweka kwenye gunia, akauliza avipeleke wapi, mama akasema popote. Gari lilitulisha miaka mingi baada ya hapo. Mimi sikwenda Same. Lilipita Kibosho, lilipita Uru, lilifika hadi Marangu, lakini Old Moshi halikupanda tena mama alipokuwa hai. Watu wa kule walioujua wema wa baba walilalamika, kwamba mjane amewasusia bure.

Idi iliyofuata tulikwenda kaburini, mama, shangazi na mimi, na ndoo ya maji. Kichwani pa kaburi la baba palikuwa na sale limepandwa. Si jani tena, mche mzima, na udongo wake umeshindiliwa kwa mikono. Shangazi akatoa sauti, akainama kuling'oa. Mama akamshika mkono akamzuia. Tukasoma Fatiha. Mama akang'oa magugu kaburi zima, pole pole, akazunguka lile sale bila kuligusa. Halafu akachukua ndoo. Sisi huwa tunamwagia maji kuanzia kichwani, kila mtu anajua. Mama alisimama pale kichwani na ndoo mikononi kwa muda, kisha akatembea hadi mwisho wa kaburi, akayamwaga yote miguuni.

Kila Idi alifanya vivyo hivyo, mpaka alipokufa yeye. Lile sale lilimea kwa mvua.